Kuinyamazisha Klachi ya Marehemu

Kelele ile ilianza pale tu ulipobana klachi. Ukiwa barabarani, umeiachilia, pikipiki ya marehemu mume wangu ilikwenda kwa muungurumo wa heshima kabisa. Ungeweza kupita kando ya kanisa watu wakisali na asigeuke hata mmoja. Lakini ukikaribia mahali pa kusimama, ukabana klachi ili ushushe gia, vyuma vilianza kupigana humo ndani: kacha-kacha-kacha-kacha, kama mtu anayetikisa sufuria ya misumari. Ndiyo maana pale kwetu Githongo hakuna aliyeisikia ikiwa njiani. Waliisikia mtu akifika.

Ilitoka kwa padri mmoja Mwitaliano, mzee, aliyezunguka nayo makanisa ya mlimani miaka mingi. Alipokuwa anarudi kwao kuzeeka alimwachia mume wangu, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimtengenezea pampu ya maji pale misheni. Mume wangu alikuwa mtu wa mitambo katika kiwanda cha kahawa, na kitu chochote chenye injini alikipenda kupita kiasi. Nilimwambia hivyo. Akacheka, akanikalisha mbele, akanifundisha kuiendesha kwenye uwanja wa shule, huku watu wamejipanga kwenye ua kumtazama mke wa mtu akiendesha. Mimi si mtu wa kuona haya. Walinitazama, nami nikawatazama.

Alifia darajani, jioni, akirudi kutoka kazini. Pikapu tupu iliyokuwa ikikimbia kama vile bado imebeba miraa ya kuwahi ndege ilimchukua kwenye kona. Pikipiki ilipinda usukani na kuvunjika kioo kimoja, basi. Yeye ndiye aliyevunjika. Tulimzika nyuma ya nyumba, pale kahawa inapoishia, na mvua ikanyesha kabla kaburi halijajaa.

Usukani ulinyooshwa, na baada ya muda nikaanza kuiendesha mwenyewe. Najua yaliyosemwa sokoni. Ati mjane anawezaje kukalia chuma kilichomuua mumewe! Haki ya Mungu, nilitamani kuwauliza: kilichomuua ni pikapu, na pikapu zinapita hapa kila siku, mbona hizo hamzisusii? Shule ninayofundisha fizikia iko ng'ambo ya bonde, barabara ni ya kupanda na kushuka mpaka magoti yanaomba talaka, na pikipiki ilikuwa imesimama pale ikishika vumbi. Niliichukua. Lakini ukweli mwingine ni kwamba nilipoikalia nilihisi bado kuna mtu mmoja duniani anayenijua.

Tulikuwa tumebaki wawili pale bomani, mimi na mama mkwe. Mtoto hatukujaliwa. Mama mkwe alinisemesha kwa Kiswahili tangu siku niliyoolewa, kwa sababu alikisikia Kiembu changu akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akasema afadhali tukutane katikati. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na cha kanisani, changu cha shuleni, na kwa hicho tulielewana vizuri kuliko wengi wanaosema lugha moja. Kabla ya msiba, yaani. Baada ya msiba maneno yalipungua.

Kila jioni ikawa hivi. Nikifika kwenye kichochoro cha kuingilia nyumbani, nabana klachi, kelele inaanza, na kabla sijazima injini namwona mama mkwe anatoka jikoni akiharakisha, leso inamvuka mabegani, mkono umenyooshwa kwenye mnyororo wa lango. Anafungua. Ananitazama usoni, kitambo tu. Kisha anavuta leso, anajifunika uso wote, anageuka na kurudi jikoni bila neno. Chai ninaikuta mezani, imefunikwa kwa sahani. Uso wake siuoni tena mpaka wakati wa kula.

Nilijua maana yake, au nilidhani najua. Mume wangu alikuwa na desturi yake na mamake: jioni akifika, uji ulimngoja palepale langoni, anaunywa bila kushuka kwenye pikipiki, mama amesimama anamsimulia habari za siku. Sasa ule mwezi wa kwanza nilipoanza kuiendesha, jioni moja mama mkwe alitoka na kikombe kile cha bati mkononi. Alifungua lango, akaniona mimi. Akakitazama kikombe. Akaumwaga uji polepole kwenye shina la mgomba, akarudi ndani. Woi! Usiku huo nililia nikiuma blanketi ili asinisikie.

Kikombe hakikutoka tena, lakini yeye aliendelea kutoka. Nikawa nafika nyumbani kila jioni nikijua kwamba ninamletea mama wa watu matumaini kwa masikio, halafu nayavunja kwa uso wangu. Ndivyo nilivyoiona. Na jirani yetu mmoja, mama tunayekutana naye asubuhi tukipeleka maziwa, alinisaidia kuumia.

"Mwalimu, mimi nisiseme uongo," alisema, akishusha mtungi wake. "Huyo mama bado anangoja kijana wake. Ukikuja na hiyo kelele, anatoka mbio. Unamuua pole pole."

"Nani amekuambia anamngoja?"

"Kwani mimi sina macho?"

Nilitaka kumjibu vibaya, na mimi nikitaka kujibu vibaya huwa sikosi la kusema. Siku hiyo nilichukua mtungi wangu nikaondoka.

Mamangu naye alikuwa akinipigia simu kutoka Embu kila Jumapili baada ya ibada. "Rudi nyumbani," aliniambia. "Huna mume pale, huna mtoto pale. Huyo mama ukimtazama anakuona wewe? Anamwona mwanawe aliyekufa. Unangoja nini?" Na hilo ndilo swali nililolala nalo. Mke asiye na mume wala mtoto ni nani katika boma la watu? Niliyapenda mashamba yale na ukungu wake, nilimpenda mama mkwe, lakini kupenda watu si hati ya kukaa kwao.

Kwa hiyo nilikata shauri. Nitainyamazisha klachi. Mama mkwe akipata amani, nitabaki. Asipopata, basi tatizo si kelele, ni mimi, nami nitafunga virago nirudi kwetu Embu kabla hatujaanza kuchukiana. Kuiuza pikipiki sikuweza. Niliwahi kumwita mnunuzi, akaja, akaizunguka akiyapiga mateke magurudumu, nikamfukuza.

Fundi niliyempata pale sokoni alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye maneno mengi na mikono mizuri, aliyejifunzia kazi mjini Maua kwenye pikipiki za bodaboda. Alifungua kifuniko cha klachi, akachungulia, akapiga mluzi.

"Mwalimu! Hii klachi imekauka kabisa. Angalia, hakuna hata tone la mafuta. Nani alikuwa anaangalia hii kitu?"

"Mume wangu."

"Pole sana. Lakini alikuwa anaiua."

Nusura nimpige kwa spana. Nilimwambia achunge ulimi, huyo anayemsema yuko chini ya udongo na hawezi kujitetea. Aliomba msamaha, na aliomba kwa moyo. Lakini kila klachi aliyowahi kufungua maishani mwake ilikuwa ikiogelea kwenye mafuta, na hii aliiona kavu kama jiwe la kusagia. Angewaza nini kingine? Kwa huruma kabisa, na kwa kumheshimu marehemu ambaye yeye fundi alikuwa amemtukana, alizipaka zile pleti, visahani vilivyopangwa ndani ya klachi, mafuta ya injini moja moja, akazirudisha, akafunga. Nami nilisimama pale nikimshikia tochi ya simu. Mume wangu hakuwahi kumruhusu mtu kuifungua pikipiki ile, kwa hiyo sisi wawili hatukujua tunachokigusa.

Nilipobana klachi, kimya. Kimya kitupu! Fundi alipiga makofi, mimi nikamshika mkono kwa mikono yangu yote miwili. Jioni hiyo niliingia kichochoroni, nikabana klachi, hapakutoka sauti. Lango nilifungua mwenyewe. Mama mkwe nilimkuta jikoni akichambua maharagwe, akashtuka mpaka ungo ukamponyoka.

"Wewe! Umeingia saa ngapi?"

"Sasa hivi, mama."

Alinitazama muda mrefu, kisha akainama kuokota maharagwe. Nikajiambia: imefaulu.

Haikufika mwisho wa wiki. Nilikuwa ninapanda kutoka darajani, pale mlima unaposimama, na ghafla injini ikaanza kupiga kelele juu kwa juu huku pikipiki yenyewe inapunguza mwendo. Nikaongeza moto, injini ikalia zaidi, gurudumu halikuvuta. Ikasimama. Ikaanza kurudi nyuma pamoja nami, kuelekea darajani kule kule. Sikumbuki nilivyoanguka, nakumbuka harufu ya kuungua na goti langu limechunika kwenye kokoto. Wanaume wa bodaboda waliisukuma mpaka sokoni, nami nikiwafuata nikichechemea, nikiwa na hasira za kutosha kijiji kizima.

Usiku ule mama mkwe alinikanda goti kwa maji ya chumvi. "Umeanguka wapi?" aliuliza.

"Pale darajani."

Mkono wake ulisimama juu ya goti langu. Ukabaki pale, kitambaa kikidondosha maji sakafuni, na yeye akitazama moto. Nikafikiri, tazama, nimemkumbusha tena mwanawe. Nikavuta mguu nikasema imetosha, nimepona.

Nilitafuta kwenye simu habari za pikipiki za aina ile, nikasoma mpaka nikaelewa. Kuna klachi zinazoishi ndani ya mafuta, na kuna chache zinazoishi kavu, kwa kuundwa hivyo. Za kavu hushika kwa msuguano mtupu, na ukizipaka mafuta zinateleza. Na kelele ile si ugonjwa. Pleti zina meno pembeni, nayo meno yanakaa kwenye mianya ya bakuli la chuma. Ukibana klachi, pleti zinaachiliwa, zinalegea, zinagongana na bakuli. Kadiri miaka inavyokwenda, meno yanakula mianya, nafasi inapanuka, kelele inaongezeka. Haiishi kabisa, lakini inaweza kupunguzwa. Nilimsomea fundi haya yote kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Aliposikia kwamba marehemu alikuwa ameiacha kavu kwa kujua, alivua kofia, akaigeukia pikipiki.

"Samahani, mzee," aliiambia. Hakuwa anatania.

Pleti zilizokunywa mafuta hazikufaa tena. Niliagiza mpya, na bakuli jipya, kupitia duka moja la Nairobi. Zilikawia sana. Tuliosha zile kuukuu kwa petroli, tukazikwangua kwa msasa ili zinivushe angalau kwenye vilima, na kelele ikarudi. Mama mkwe naye akarudi langoni na leso yake, akifungua, akinitazama, akijifunika uso. Nilivumilia nikijua ni kwa muda.

Vipuri vilipofika tulifanya kazi ile Jumamosi nzima. Tulipuliza vumbi jeusi lililokuwa limejaa humo. Fundi alilaza kila pleti juu ya kioo cha dirisha kuona kama imepinda, akapiga tupa kingo zilizokuwa na vinundu, akazipanga kwa zamu, ya kushika na ya chuma, ya kushika na ya chuma. Aliongeza kidogo mwendo wa injini pikipiki inapokuwa imesimama, kwa sababu ikinguruma chini mno pleti zinatikisika zaidi, na kabureta mbili akazisawazisha zivute pamoja. Mwisho alibandika kipande cha mpira wa tyubu ndani ya kifuniko. Akanionya pia nisikae nimebana klachi nikisimama. Niweke gia huru, niachilie mkono. Kumbe sehemu ya dawa ilikuwa mkononi mwangu. Nilipoiwasha na kubana, nilisikia mchakacho mdogo tu, wa mtu anayepepeta mchele chumba cha pili.

Jioni zikawa za kimya. Nilifika, nikafungua lango, nikaingia. Mama mkwe hakutoka tena. Sikutarajia kwamba nitaikosa ile leso, lakini niliikosa. Nilimwambia mamangu kwa simu kwamba mambo yametulia, huenda nikabaki. Hata hivyo niliona mama mkwe amepungua. Alianza kuniuliza asubuhi, nikivaa kofia ya chuma, "Leo utarudi saa ngapi?" Hakuwahi kuuliza hapo awali. Nikimjibu, anarudia saa ile mdomoni. Alihamisha kigoda chake kutoka jikoni akakiweka karibu na ua, akawa anachambua mboga pale hata kwenye baridi. Nilimkuta mara nyingine ameacha mboga, ameinamisha kichwa upande. Nikafikiri anasikiliza kelele niliyomnyang'anya, ya mwanawe. Roho iliniuma. Nikajiuliza kama nimemtibu au nimemzika mwanawe mara ya pili.

Kisha ikaja siku niliyokuwa na mkutano wa walimu Meru mjini. Ulichelewa kuisha, nikarudi kwa barabara ya juu, si ya darajani. Wingu lilikuwa limeshuka. Nilipofika lango lilikuwa limefungwa, na jikoni moto ulikuwa umezimika, sufuria ya maji juu yake baridi. Kigoda kilikuwa kimeanguka kando ya ua. Niliita, hapakuwa na jibu. Nilizunguka mpaka kaburini, hayupo. Jirani yule wa maziwa alinipazia sauti kutoka shambani kwake:

"Amepita hapa akiteremka! Nimemuuliza anaenda wapi, amesema darajani!"

Kwa hiyo imefika huko, nilisema moyoni. Amechoka kumngoja nyumbani, sasa anamfuata alikoachia roho. Na ni mimi niliyemfikisha hapo, kwa ujanja wangu wa klachi. Niligeuza pikipiki nikateremka mlima ule huku mvua ikianza, nikiomba kwa sauti, nikiahidi kwamba nikimkuta mzima nitaondoka, nitarudi Embu kesho yake, nimwachie boma lake na mwanawe.

Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa daraja, leso imelowa, miguu imejaa tope mpaka vifundoni. Alikuwa akitazama chini mtoni, kwenye mawe, upande huu, kisha anainuka kidogo anatazama upande ule. Pikipiki ilifika karibu naye kabisa na hakugeuka. Niliitupa pale barabarani nikamkimbilia.

"Mama! Mama, hayupo! Alishaenda, mama. Tulimzika. Hayupo hapa!"

Aligeuka. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepotewa na akili.

"Nani hayupo?"

"Mwanao."

"Si najua?" alisema, na sauti yake ilikuwa ya hasira, hasira ya kweli. "Yule nilizika mimi mwenyewe. Mwanzo, ndiyo, masikio ilinidanganya, nikamletea uji. Mara moja. Kwani mimi ni mjinga? Nimekuja kutafuta wewe!"

Nilimfuta maji ya mvua usoni, naye akaendelea.

"Zamani nilikuwa nasikia hiyo klachi yako, najua umefika, hujagongwa. Siku hizi hiyo pikipiki haisemi. Saa yako inapita, nasikiliza, hakuna. Niko jikoni, sijui umefika, sijui umelala barabarani. Leo giza imekaribia, nikasema, basi, ni ile daraja tena."

"Lakini ulikuwa ukiniona unajifunika uso, mama. Kila jioni. Nilidhani hutaki kuniona."

"Nilikuwa nashukuru Mungu. Sasa mtu anaomba akiwa amekutolea macho?"

Alinishika mabega. Akaanza kunipapasa: mabega, mikono, mbavu, akashuka mpaka goti lile lenye kovu, polepole, mfupa kwa mfupa, mvua ikitunyeshea sote wawili. Alipohakikisha kwamba hakuna kilichovunjika, ndipo alipolia.